Jiwe Alilolilamba Mzungu

Makanyagio, Jumanne, 8 Novemba 1994

Mvua imeanza, na shamba la shemeji kule Kakese ni mashimo matupu. Mihogo yote ameing'oa kwa maneno yangu.

Nani asiyenijua kwa habari ya mzungu wa mawe, yule wa kwanza kupita huku na nyundo enzi za wapagazi? Babu alimbebea mzigo. Jiwe alilolilamba kambini, akacheka peke yake kwa kuona dhahabu, lilitoka pale pale shambani!

Leo dada kaniuliza, "Kaka, wanangu watakula mawe?"

"Tulia. Dhahabu iko chini kidogo tu."

Sasa ndiyo nakumbuka babu alivyomalizia, akicheka: mzigo ukiwalemea walimwaga mawe njiani, wakaokota mengine karibu na kambi.

Kambi ipi, sikuuliza. Kesho shemeji anaingia sehemu ya mahindi, na anataka mimi ndiye nimwonyeshe pa kuchimba. Ee Mungu, nionyeshe wapi?