Nkuba na kurasa zangu tisa

Vene, bado siamini. Asubuhi kaja ofisini kijana nisiyemjua, Nkuba. Bosi wangu, Mama Leokadia, kamwita bila kuniambia.

Ile programu yangu ya kompyuta, ya Java, ya kukagua mpunga hapa Rujewa, kipimo cha unyevu unaoruhusiwa nilikiandika ndani ya kila ukurasa, kurasa tisa. Nkuba kakitoa kote, kakiweka mahali pamoja.

"Mdogo wangu, ukurasa kazi yake kuonyesha. Usiupe na kazi ya kufikiri," akaniambia.

Eti mdogo wake, Vene. Tunalingana umri.

Mama akabadilisha kipimo, Nkuba akagusa mstari mmoja tu. Mimi juzi kukibadilisha nilisahau ukurasa wa saba, mpunga wenye maji ukapita.

Nilishamwahidi Mama kumwambia ukweli siku akiniuliza nani anafaa kuongoza kazi ya programu. Nafasi niliyoisubiri mwaka mzima.

Wivu ninao. Lakini aliponiuliza, nimemwambia ni Nkuba.