Kitambaa cha Kasoli

Mwanza, 3 Juni 2024

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, ila kifua kidogo kwa sababu ya vumbi la kiwandani, nacho kinaelekea kupona. Wewe goti linaendeleaje na zile dawa? Na mjomba Mayige, bado anadai ng'ombe wake mweusi ana akili kuliko majirani?

Sikupiga simu kwa sababu najua utakavyosema, kwamba simu inakula maneno na karatasi inayatunza. Barua hii nimempa Paschal, dereva wa lori anayekuja kuchukua pamba kituoni kwako.

Mama, nimepewa kazi kubwa. Meneja wetu, Bwana Constantine, ameniita mimi afisa ugavi mdogo kuliko wote akaniambia: "Masunga, vituo ishirini na vinane vinatuletea pamba, na hakuna anayeweza kuniambia kipi ni bora na kwa nini. Nitengenezee kipimo." Nimekitengeneza. Naangalia mambo matatu: pamba inakaa kituoni siku ngapi kabla ya kupakiwa, lori linaondoka limejaa kiasi gani, na vipande vingapi vya uchafu vinaokotwa huku kiwandani. Kila kituo kina ndoo yake ya uchafu, na karani anahesabu vipande. Mwisho wa Julai vituo viwili vitakavyoshika mkia vitafungwa, na wakulima wake watapeleka pamba kituo cha jirani.

Nakuambia mapema ujiandae kupongezwa. Misimu kumi na tisa ukiwa karani wa mizani Kasoli, nani atakushinda? Nimeshawaambia wenzangu kwamba huu mnyororo wa ugavi mimi sikuusomea chuoni tu, nilizaliwa ndani yake.

Mwanao,
Masunga


Kasoli, 11 Juni 2024

Mwanangu Masunga,

Mwangaluka. Marahaba. Goti lipo, linanikumbusha mvua kabla haijaja, kwa hiyo silitukani. Mjomba wako mzima, na ng'ombe wake naye mzima, juzi kamkanyaga mguu na bado anamsifia.

Barua yako imenifikia siku ya tano na inanukia sato wa kuchoma. Paschal amekiri mwenyewe kwamba alilala Lamadi siku mbili. Sasa wewe bwana wa vipimo, hicho nacho umekipima? Mnyororo ninaoujua mimi ni wa kufungia mbwa, lakini hata huo nikiununua naangalia pete zote, siangalii ya mwisho tu.

Nimefurahi, usidhani sijafurahi. Barua nimemsomea Salu wa shamba la mtoni, nikamsomea katibu wa chama cha ushirika, nikamsomea na yule muuza mafuta ya taa ambaye hata hakuniuliza. Mtoto wa Mariana ndiye anayeamua kituo bora ni kipi! Siku hiyo nilitembea kama sina goti.

Ila nikukumbushe kazi yangu ilivyo, maana mwenye ofisi husahau. Hapa kwangu pamba haipandi mizani ikiwa ndani ya gunia. Inamwagwa kwenye turubai, mwenye nayo anavua viatu, tunaketi naye, tunaipitia kwa mikono. Pamba safi huku, fifi, ile ya daraja la pili, kule, jani nje, jiwe nje, uzi wa kiroba nje. Ndipo tunapima. Anayeona nachelewesha aketi kivulini anisubiri.

Na msimu huu nimeanzisha kitu changu. Sikuambii. Nataka wakikikuta huko kiwandani waulizane wenyewe, "Huyu ni nani aliyefanya hivi?" Ndipo utasimama useme ni mama yako.

Wabeja sana kwa dawa.

Mama yako


Mwanza, 2 Julai 2024

Mama,

Shikamoo. Natumaini unaendelea vizuri. Mimi mwili ni mzima.

Sina namna nzuri ya kuandika hili. Matokeo ya mwezi wa kwanza yametoka, na Kasoli ni ya ishirini na nane kati ya ishirini na nane.

Pamba inakaa kwako siku nne na vituo vingine siku moja na nusu. Hilo ningeweza kulitetea. Lakini uchafu, mama! Vipande sitini na vitatu vimeandikwa kwenye ndoo ya Kasoli. Kituo kinachofuata kwa ubaya kina arobaini. Nilipoiona namba hiyo nilitoka nje nikasimama kwenye jua kama mtu aliyepotelewa na kitu.

Nimewaringia watu hapa ofisini. Sasa Machibya wa idara ya usafirishaji ananiuliza kila asubuhi, "Vipi, mnyororo uliozaliwa ndani yake umeshika kutu?" Orodha tayari iko mezani kwa meneja. Kama Julai haitabadilika, Kasoli itafungwa, na kipimo kitakachoifunga nimekichora mimi.

Nakuomba uache kumwaga magunia yote. Pima, pakia, lori liondoke. Hata hivyo kupitia kote huko kumesaidia nini ikiwa uchafu ndio huu? Labda macho yamechoka, mama. Si dhambi.

Mwanao,
Masunga


Kasoli, 9 Julai 2024

Masunga,

Shikamoo yako nimeiweka pembeni, nitaiitikia nikipoa.

Macho yamechoka? Haya macho yaliona chawa kwenye kichwa chako kabla wewe hujajikuna!

Sikiliza. Wiki iliyopita mjomba wako Mayige alileta magunia sita. Manne yalikuwa na maji, kayalaza nje makusudi yanywe umande yaongeze uzito. Ndugu yangu wa tumbo moja. Nikamwambia yarudi nyumbani yakakauke. Tangu siku hiyo akinisalimia anasalimia ukuta. Na mwezi uliopita pamba yangu mwenyewe, ya shamba la bondeni, ilipigwa mvua ile ya mwisho. Nimeimwaga mbele ya watu wote, nikaipitia, nikaiandika fifi yote. Hakuna aliyenilazimisha. Halafu mwanangu, aliye mbali na turubai langu kwa safari ya lori, ananiandikia kwamba mimi ndiye mchafu kuliko vituo vyote.

Kituo kikifungwa, mimi nitalima tu, sitakufa. Lakini Salu ana baiskeli moja na watoto wanne. Ataisukuma pamba yake mpaka wapi? Na huko atakakofika nani atamketisha chini amwonyeshe kwa nini hii ni safi na hii ni fifi? Watamwambia tu "fifi", naye atakubali.

Sitaki unionee huruma, wala usiibadilishe namba kwa ajili yangu. Ukiibadilisha, usirudi kwangu. Nakuomba jambo moja. Umeandika namba ya uchafu wangu. Je, umeuona? Nenda ukauangalie huo uchafu, kimoja kimoja, kwa macho yako hayo ambayo hayajachoka. Kisha uniandikie ni kitu gani.

Mama yako


Mwanza, 13 Julai 2024

Mama yangu,

Shikamoo, na hii usiiweke pembeni, nakuomba.

Paschal kaleta barua yako jana mchana, na safari hii hakulala Lamadi. Anasema ulimtazama kwa namna ambayo aliogopa kusimama hata kunywa chai. Niliisoma nikiwa nimesimama, nikashuka moja kwa moja kwenye ukumbi wa kuchagulia pamba.

Ndoo za Juni bado zimepangwa ukutani, kila moja na jina la kituo. Niliangalia za wengine kwanza, maana niliogopa ya kwako. Mawe. Mchanga. Majani, nyuzi za viroba, gunzi la mahindi, na kwenye mojawapo kandambili nzima ya mguu wa kushoto. Kisha nikaiinamia ndoo ya Kasoli.

Ilikuwa na vitambaa tu. Vipande vya shuka jeupe, vimekatwa kwa mkasi, urefu wa kidole. Nikachukua kimoja, nikakuta mwandiko wako. "Salu Ngasa, shamba la mtoni, 14 Juni. Nimeipitia. Safi." Nikachukua kingine. "Sayi Mabula, 15 Juni. Nimeipitia. Safi." Kingine kikasema: "Mariana mwenyewe, shamba la bondeni. Nimeipitia. Fifi." Niliketi chini sakafuni, mama, nikavitoa vyote nikavipanga. Vilikuwa sitini na vitatu. Jani halikuwemo. Hata punje ya mchanga.

Kumbe kila gunia ulilifungia kitambaa ndani ya mdomo, na akina mama wa kuchagua walipolifungua kilidondoka. Wao wameambiwa kitu chochote kisicho pamba kiende kwenye ndoo. Karani akahesabu vipande. Mimi nikapokea namba. Hakuna hata mmoja wetu aliyesoma. Jina la mkulima na neno lako ndivyo tulivyoviita uchafu, sitini na tatu, na mimi nikakuambia macho yako yamechoka.

Nisamehe. Nimeandika neno hilo moja na nimelisoma mara tatu, halitoshi, lakini sina lingine.

Nilivibeba vitambaa hivyo kwenye sinia la chai mpaka kwa Bwana Constantine. Nikamwambia yote, pamoja na kwamba karani wa Kasoli ni mama yangu, maana hilo nilikuwa sijamwambia. Alivisoma kama kumi. Kisha akasema mtu hamtolei ushahidi mama yake mzazi, na kwamba mimi nisiguse tena namba za Kasoli. Ni haki yake kusema hivyo. Kuna jambo ameamua na siruhusiwi kukuandikia.

Fanya kazi yako kama ulivyoifanya siku zote. Na vitambaa usiache kufunga.

Mwanao,
Masunga


Kasoli, 24 Julai 2024

Mwanangu Masunga,

Marahaba. Na ile ya juzi niliyoiweka pembeni nayo nimeiitikia, marahaba mbili. Umenisikia? Yameisha. Ila shuka lile lilikuwa la mahari yangu, utanunua jingine.

Nawe usijilaumu peke yako. Kosa nami ninalo. Ningekuambia tangu mwanzo ungewaambia, na hao akina mama wasingehangaika. Nilitaka waulize. Nilitaka kusifiwa na watu wasionijua. Uzee nao una utoto wake.

Wiki iliyopita alikuja mwanamke mmoja, kasema anaitwa Joyness, anatembelea ndugu, anapenda tu kuona pamba. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Viatu vyake havijawahi kukanyaga udongo mweusi wa mbuga, na mfukoni alikuwa na kalamu tatu. Nani anatembelea ndugu na kalamu tatu? Sikumuuliza. Nilimwambia avue hivyo viatu, aketi, apitie pamba kama wengine. Kaketi toka asubuhi mpaka jua linaegemea. Magunia tisa yalipita mikononi mwake. Aliponyanyuka mgongo ulikuwa umemshika, akaniuliza, "Mama, unafanya hivi kila siku?" Nikamwambia Jumapili tunaenda kanisani.

Nikuambie na hili, maana wewe uliniambia la kwako. Siku hiyo hiyo walikuwepo wanawake wawili waliolala hapa kituoni wakisubiri zamu. Joyness aliwaangalia, nami niliona aibu. Siku zako nne hazikuwa uongo. Nilijifanya sizioni kwa sababu uchafu ndio ulioniuma. Sasa tumekaa na katibu wa chama: kila kitongoji kina siku yake, na jioni nawafundisha watu kupitia pamba nyumbani kabla hawajaileta. Tumeongeza turubai la pili. Juzi lori limeondoka siku ya pili. Mayige ndiye kalisimamia hilo turubai, na ni mkali kuliko mimi, mwizi aliyeokoka. Ameanza kunisalimia mimi badala ya ukuta.

Mimi nimesikia kipimo chako, nawe umesikia changu. Nafikiri ndivyo inavyotakiwa.

Mama yako


Mwanza, 5 Agosti 2024

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo! Goti halijambo? Naandika haraka kwa furaha, usishangae mwandiko.

Leo meneja katuita sote ukumbini. Joyness, ambaye sasa unajua ni mkaguzi wetu wa ubora, amesoma ripoti yake. Magunia ya Kasoli mia moja na kumi yamefunguliwa mbele ya mashahidi, na yote yameingia mashineni bila hata moja kurudishwa kuchaguliwa upya. Hakuna kituo kingine kilichowahi kufanya hivyo.

Kasoli haifungwi. Hakuna kituo kitakachofungwa mwaka huu. Bwana Constantine amesema kwanza tujifunze kupima ndipo tukate. Kipimo kimeandikwa upya. Siku za kusubiri zimebaki, kwa sababu wale wanawake wawili wana haki yao. Swali la kwanza sasa ni pamba ya kituo hiki inapita mara ngapi bila kurudishwa, na la pili ni je, tunajua imetoka shamba la nani na nani aliipitia. Kuanzia msimu ujao vituo vyote ishirini na vinane vitafunga kitambaa. Watu wa kiwandani tayari wana jina lake. Wanakiita "Kasoli". Nimemsikia mama mmoja anamwambia mwenzake, "Hili gunia mbona halina Kasoli?"

Kwa kipimo kipya mmekuwa wa pili. Wa kwanza ni kituo kimoja cha kule Zagayu, wamekushinda kwa siku. Najua utasema mwakani.

Walipouliza wazo la kitambaa ni la nani, mama, nilisimama. Nikasema kama ulivyotaka niseme. Nikasema kwa sauti, na Machibya ndiye aliyeanza kupiga makofi.

Mwanao,
Masunga


Kasoli, 14 Agosti 2024

Mwanangu,

Mwangaluka. Marahaba. Sote wazima.

Mwakani.

Barua yako sikuisoma mwenyewe safari hii. Nilimpa Salu aisome kituoni mbele ya watu, mimi nikawa najifanya napanga mawe ya mizani. Alipofika pale uliposimama, mawe niliyaacha.

Sina mengi. Paschal anakuletea gunia la michembe, viazi vya shamba la bondeni, nimevikausha juani mwenyewe. Usigawe yote ofisini. Ukilifungua utaona ndani ya mdomo nimefunga kitambaa, ni kipande cha mwisho cha lile shuka. Usikitupe kwenye ndoo. Nimeandika hivi:

"Masunga, mwana wa Mariana, Kasoli. Nimempitia kwa mikono yangu. Safi."

Mama yako