Damu ya Mbuzi Imefika Kampala

Butembo, tarehe 14 mwezi wa tano 2001

Papa Audrey mupenzi,

Unisamehe, miezi tatu bila barua. Audrey anaota meno, usingizi hapana. Mais tuko wazima.

Mbuzi za mutaa, quartier yetu yote, zinakufa na hakuna mwenye anajua sababu. Batu banasema mama yako anaziroga, juu mbuzi zake hazikufe. Uliniandikia nimuache, nikimbilie kwetu Beni. Hapana. Simuache.

Veterinaire, munganga wa mifugo, anasema damu ya mbuzi ipimwe huko Kampala kwenye unatumika, mais inaomba feza. Donc Siku ya Mungu, tarehe sita, kisha ibada, tuliuzisha sadaka za vyakula kama kawaida, tupate feza hiyo. Kopo moja tu ya maharagi! Kila mwenye aliinunua aliirudisha, iuzishwe tena. Shemasi akacheka: "Maharagi gani hii inakataa kupikwa?" Hata Papa Zorobabel, mwenye kumusema mama yako kuliko bote, alinunua na kurudisha. Mbuzi yake pia ilikufa, anataka kujua.

Feza ikatosha, na damu imefika kwa laboratoire juzi. Donc unitumie: karatasi ya majibu yenye muhuri, cachet ya laboratoire, sabuni, blanketi ya Audrey, na maneno mbili ya kumusalimia mama yako, kwa mukono wako. Maneno hayo nitayasoma kanisani, batu basikie kama wewe pia haumuache, hata majibu yakichelewa.

Keren wako