Vidole vya Osman wa Murjan

Kambi Muru, Kibra
Shaaban, 1953

Kwa kaka yangu Osman, uliye mbali na macho yetu,

Asalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Natumaini waraka huu utakukuta mzima, wewe, mkeo na watoto, na kwamba ule mgongo uliokusumbua mwaka jana umepoa. Sisi huku tunamshukuru Mungu. Baba sasa anatembea kwa mkongojo, ila sauti yake bado ile ile ya paredi. Mama macho yake yamezidi kuingia ukungu, lakini bado anajua ni nani aliyegusa sukari. Mimi sijambo, na ulimi wangu pia haujambo, kama utakavyoona.

Barua hii ameibeba Bi Mabrouka ndani ya nguo zake, maana anakuja huko Bombo, Uganda, kwa harusi ya mpwa wake. Posta sikuthubutu. Ukishaisoma ichome. Na kabla sijaenda mbali nikuambie lililonikalisha chini niandike: usije kwa Idd. Najua umeshakata shauri, najua hata viatu vya watoto umenunua. Usije Idd hii wala ijayo. Ukionekana Kibra hata kwa saa moja, baba atafungwa, wewe utafungwa, na mjane mmoja atatolewa nyumbani kwake pamoja na watoto wake. Sasa tulia usome, usiruke mistari kama ilivyo kawaida yako.

Habari yenyewe ni ya Muigai. Sina haja ya kukueleza Muigai ni nani kwako. Wagaki, mama yake, alipomzaa aliugua, maziwa yakakauka, na kwa kuwa alikuwa akituuzia mboga mlangoni, watu wake walimleta mtoto kutoka Kawangware wakamweka mapajani mwa mama. Mama akawanyonyesha nyote wawili, wewe huku na yeye huku, na tangu siku ile hakumwita jina jingine ila mwanangu. Nakukumbusha hayo ili usije ukamlaumu baba mapema.

Kumbuka pia mwaka ule wa kipande. Mkubwa wa Kibra alitangaza kwamba kila kijana akachapwe alama za vidole, la sivyo kibali cha kiwanja cha baba yake kitaangaliwa upya. Wewe ukavimba. Ukasema baba hakupigana vita vyao hadi Tanganyika ili mwanawe aje kukamuliwa vidole kama chuchu za mbuzi. Muigai alikuwa amekaa pale kwenye mkeka anakula, naye alitaka sana kazi ya malori, lakini Mkikuyu hakuruhusiwa kukaa Kibra. Akacheka, akasema kama Osman halitaki jina lake, yeye atalichukua. Basi akavaa kanzu na kofia, akaenda na baba, akatoa vidole vyote kumi, na baba akatia dole gumba lake kuwa shahidi kwamba huyu ndiye Osman, mwanawe wa kumzaa. Siku ile tulicheka mpaka chai ikapoa. Tukamwita Osman wa Pili, nawe ukapanda gari la moshi kwenda Bombo na vidole vyako visafi. Kaka, mimi ni mdogo wako na nakuheshimu, lakini kile kiburi chako nakichukia hadi leo.

Jina lako Muigai alilitumia vizuri. Aliendesha malori miaka mingi, kisha akarudi kwao Kawangware, akajenga, akamwoa Wangoi. Wewe ulikuwa ukija Idd na kurudi, wala hakuna aliyeuliza, kwa kuwa kila mtu hapa anakujua kwa sura. Mwaka jana mambo yalipoharibika, Muigai akatoweka. Wangoi alimwambia mzee wa kijiji kwamba mumewe amepata kazi Mombasa. Sisi tulijua ameingia msituni, na tukanyamaza, kwa sababu Kawangware mtu akijulikana yuko huko, nyumba yake hubomolewa, shamba huchukuliwa, na mkewe na watoto hupakiwa kwenye lori na kupelekwa kusikojulikana.

Sasa siku moja asubuhi askari walikuja hapa na gari, wakamwambia baba anaitwa mjini. Baba akavaa koti lake na medali zake, nami nikafuatana naye kwa sababu ya mguu wake. Kumbe kuna mtu aliyepigwa risasi upande wa msitu wa Ngong. Uso ulikuwa umeharibika, hautambuliki, na mfukoni hana karatasi yoyote. Basi walimpaka wino vidole vile vile alivyo, maiti, wakapeleka alama zake kwenye nyumba yao inamotunzwa vidole vya watu. Jibu likarudi kwamba huyu ni Osman wa Murjan, Msudani, kama wanavyotuita sisi Wanubi, wa Kibra.

Mimi niliachwa nje kwenye benchi. Yaliyotokea ndani alinisimulia baba mwenyewe. Alimkuta amelazwa juu ya meza ya saruji, na mkaguzi mmoja wa kizungu anampima kwa futi kama fundi cherehani: kutoka utosini hadi kisiginoni, mkono, unyayo, huku karani anaandika. Baba alitazama miguu. Aliliona lile kovu la moto kwenye muundi, la siku Muigai alipopiga teke jiko la mama. Mkaguzi akamuuliza kama huyu ni mwanawe. Baba aliniambia kwamba katika kile kitambo cha kuvuta pumzi alimwona Wangoi na watoto juu ya lori, akaliona dole gumba lake mwenyewe kwenye karatasi ile ya zamani. Akasema ndiyo, ndiye mwanangu Osman. Wakamletea Msahafu akaapa. Baba yetu, Osman, ambaye hajapata kuniruhusu hata kumdanganya mwenye duka, aliweka mkono juu ya Msahafu akaapa uongo. Tangu siku ile hataki kusalisha watu, anasimama safu ya nyuma.

Kwa ajili ya zile medali walimpa maiti aizike. Alimwosha peke yake, akakataa mtu yeyote asiingie. Tukamzika hapa makaburini kwetu kwa jina lako. Wangoi tulimpelekea habari kwa siri, akaja na kikapu cha mboga kichwani, kama muuzaji, nikamwingiza jikoni nikamfunga gurbaba langu kiunoni na mtandio mpaka machoni, akakaa katikati ya wanawake wa Kinubi kumlilia mumewe. Alijiziba mdomo kwa nguo muda wote, maana angelia Kikikuyu. Mimi nilimshika mkono. Sijawahi kuona msiba wa namna ile na naomba nisiuone tena.

Mama hatukumwambia. Hilo lilikuwa shauri la baba, nami nikalikubali. Alisema mama hajui kuficha, akiulizwa na mzungu atatuangamiza sote. Kwa hiyo mama alilia kweli, akijua ni wewe uliye ndani ya sanda. Alikuwa halali, hali, anaita jina lako hata akiwa chooni. Ukiona herufi zangu hapa zimechafuka ujue ni kwa nini.

Tulidhani yamekwisha. Kumbe kwenye matanga alikuwepo askari mmoja mgeni, amekaa na wanaume anakunywa kahawa. Na unavyojua watu wetu kwa kumsifu marehemu. Mzee Abdelkarim, jirani, alipopewa nafasi ya kusema alikumwagia sifa zote: mpole, mkarimu, na kijana mrefu ajabu, hakuna mlango wa Kibra ambao hakuuinamia. Alisema kwa mapenzi, maskini, machozi yanamtoka. Muigai alikuwa akifika begani kwako tu, nawe wajua.

Baada ya siku chache mkaguzi yule akaja mwenyewe. Hakufoka. Ingekuwa afadhali angefoka. Alisalimia, akatoa futi, akaupima mlango wetu kutoka juu hadi chini, akaandika. Akamuuliza baba kwa adabu kabisa imekuwaje mtu mrefu anayeuinamia mlango huu akafa mfupi. Baba akajibu kwamba Abdelkarim ni mzee na kwa mzee kila kijana ni mrefu. Mkaguzi akacheka kidogo. Kisha akasema kwa Kiswahili chake kile, “Mimi nataka nguo ya huyu. Kanzu yake ya sikukuu. Mchana mimi rudi.” Akaenda zake kwenye nyumba nyingine, nikamsikia akiuliza huko pia.

Hapa ndipo ninapotaka unisamehe. Kanzu yako ya Idd, ile nyeupe aliyokushonea mama kwa mkono kabla macho yake hayajafa, uliyoiacha sandukuni ili uivae kila ukija, niliitoa nikaikata. Niliikata shibiri nzima chini, nikakata mikono, nikabana mabega. Nilishona nimeupa mlango mgongo, naye baba amekaa nje anakohoa kila akipita mtu. Uzi mpya uling'aa, basi nikaupaka maji ya chai na majivu, nikausugua mpaka ukachakaa. Sindano iliniingia kidoleni mara nyingi. Nilihisi ni kama nakukata wewe miguu ili uingie kwenye kaburi la mwenzako.

Mchana mkaguzi alirudi. Aliipima ile kanzu, akatazama kwenye karatasi yake, akaipima tena. Halafu, badala ya kuridhika, akaipeleka mkekani kwa mama, akaiweka mapajani pake, akataka kujua kama hii kweli ni nguo ya mwanawe. Mama aliishika kanzu akaanza kuipapasa, kwenye ukosi kwanza, kwenye kifua, na uso wake ukalainika kwa kuwa aliijua kazi yake. Akashuka mpaka kwenye pindo. Pale vidole vyake vikasita. Akalipitia pindo lote, taratibu, akarudi kwenye mikono ya kanzu, akagusa mishono yangu mmoja mmoja. Akainua uso kuelekea pale nilipokuwa nimesimama, na ingawa haoni, Wallahi aliniona.

Osman, mama alielewa. Alielewa kwamba u hai, na papo hapo, pale pale mkekani, akaelewa ni nani aliyezikwa. Nilimwona akifurahi na kufiwa kwa pumzi moja. Kisha akajifunika uso kwa ile kanzu akapiga yowe ambalo hakulipiga hata siku ya mazishi. Akasema ndiyo, ni ya mwanangu, mimi niliishona, mwanangu wameniulia. Yule tuliyeogopa hajui kuficha ndiye aliyetuokoa, na kilio chake kilikuwa cha Muigai kitupu.

Mkaguzi alivua kofia. Lakini kanzu hakuiacha, aliikunja akaondoka nayo, akasema wako watu wanaojua kutazama nyuzi. Na alipofika mlangoni akaniuliza mimi, kwa upole ule ule, tuna ndugu gani Bombo na ni nani hapa anayejua kuandika barua. Nikasema sina habari. Tangu siku ile kuna mtu amekaa mbele ya nyumba yetu anachoma mahindi ya kuuza. Mahindi yote anayaunguza, na hajali. Baba anasema tumsalimie kila asubuhi kama jirani, nasi tunamsalimia.

Kwa hiyo kaka, ulikwisha kufa. Hata yule mkaguzi akichoka, hata vita hivi vikiisha, vidole vya Osman wa Murjan vimo kaburini, na vyako ulivyo navyo havina jina hapa Kenya. Siku wakikushika wakakupaka wino hawatakukuta popote kwenye nyumba yao ile, na hapo ndipo watakapomrudia baba. Baki huko. Tafuta jina jingine kama wanavyofanya wengi, na watoto uwafundishe wasiseme babu yao yuko Kibra. Niliandika mstari huo nikaukata mara mbili, lakini nimeurudisha, kwa sababu lazima.

Mama hajaniuliza lolote juu ya kanzu. Alingoja siku baba alipokwenda msikitini, akanivuta sikio akaniuliza tu kama unakula vizuri huko. Nikasema unakula. Akasema basi, nikuandikie kwamba hata ukisikia yeye mwenyewe amekufa usije. Na akanipa ujumbe mmoja, nami naufikisha kama ulivyo. Arobaini ni Ijumaa ya mwisho kabla ya Ramadhani. Siku hiyo khitma itasomwa hapa kwa jina lako, na majirani wote watakuombea wewe. Huyu aliyelala pale hana wa kumwombea kwa jina lake, hata mkewe hawezi kulitamka. Mama anakuomba siku hiyo ujifungie ndani, wewe uliyenyonya naye, uombe kwa sauti na useme Muigai.

Baba anakusalimu, ingawa hajui kama nimeandika. Mama anakubusu kichwa. Wangoi nilimwona sokoni, hakuniangalia, nami sikumwangalia, lakini najua angekusalimu. Wasalimie wote huko, kwa jina lolote utakalokuwa nalo.

Wako dada yako, katika machozi na mapenzi,
Zeinabu binti Murjan