Chumvi ya Rukia

Mjukuu wangu Zuhura,

Marahaba, maana najua umeshasema shikamoo kabla ya kusoma. Huku Timbwani tu wazima. Goti la babu yako limepoa, sasa twashinda tukimtafuta mitaani.

Waniuliza kama uvunje ushirika wa duka na rafikiyo kwa kuwa ataka kuamua kila kitu. Mwanangu, mimi na Rukia tuliuza mbaazi za nazi miaka mingi, na mwiko sikuruhusiwa kuushika. "Wewe kuna nazi, chungu niachie mimi," ndio wimbo wake.

Ramadhani moja alitia chumvi, akaenda kuswali alasiri, akarudi akatia tena. Nilimwona. Sote tumefunga, hakuna wa kuonja. Nami nikanyamaza, wallahi, kwa raha zangu.

Magharibi ikaingia, wateja wakafuturu. Mzee mmoja alikunywa maji hata tumbo likakosa nafasi ya tende. Sahani zikarudi zote, na kwa kuwa mimi ndiye niliyekaa mbele, matusi yakawa yangu. Nikamwambia Rukia chumvi ameitia mara mbili.

"Kumbe uliniona?" Rukia akauliza.

"Si ulisema chungu nikuachie?"

Alinitazama, kisha akanipa mwiko. Nilipoupokea nikaona haya. Yeye alitia chumvi mara mbili, na kimya changu kikawa ya tatu.

Basi sema naye kwanza, chungu kingali jikoni.

Rukia yuko hapa ubavuni, asema barua imekuwa ndefu, nimalize. Nimemwambia nitamaliza nikitaka mwenyewe.

Nimetaka.

Nyanya yako,
Mwanasiti