Gauni la Mtoto Lililochelewa

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe, shemeji na huyo mgeni wetu mdogo. Je, kulia kumepungua? Na mshono wako umepona? Mimi mwili haujambo. Roho ndiyo haitulii, na sababu utaisoma kama mkono wangu hautagoma katikati ya karatasi.

Mama ameniambia umenuna. Unauliza huyu ni mama mdogo wa namna gani, mtoto ana mwezi na zaidi hajaja hata kumbeba, na gauni aliloahidi halionekani. Una haki ya kununa. Gauni lilikwisha zamani, dada. Muda wote huu lilikuwa mfukoni chini ya cherehani yangu, na kila nilipokanyaga pedali mguu uliligusa.

Hapa kazini wananicheka. Unajua sisi mafundi pini tunazibana kwa midomo na uzi tunaukata kwa meno. Siku hizi pini zangu ziko kwenye kisahani, uzi naukata kwa mkasi, na kikombe changu hakiguswi na mtu. Jirani yangu, yule tunayemwita Redio, ametangaza kwamba nimepata mchumba mwenye nazo ndiyo maana najidai. Nilicheka nao huku machozi yakinilengalenga.

Sasa nikwambie. Yule mpenzi wangu, fundi umeme, alinipigia simu akasema amekutwa na hepesi, ule ugonjwa wa malengelenge ya mdomoni na sehemu za siri, nami nikapime. Sikuwa na kipele hata kimoja. Nilipopima, majibu hayakuwa ndiyo wala hapana, yameangukia katikati. Nesi akanieleza kwamba huenda damu bado haijaonyesha, au huenda sina kitu kabisa, nirudi zikitimia wiki kumi na mbili tangu nilipolala naye mara ya mwisho. Zimebaki tano. Kila asubuhi najikagua midomo kwenye kioo kama askari wa getini. Nilimuuliza kuhusu vichanga, akasema hapo si pa kuchezea, mwenye kidonda mdomoni asimbusu mtoto kamwe.

Na gauni lile, dada, nililishona siku chache kabla ya simu hiyo. Kila uzi niliukata kwa meno. Nimelifua mara sita, nikalichemsha mpaka rangi yake ya waridi ikawa nyeupe. Nesi aliposikia alicheka hadi akavua miwani, akasema hepesi haiambukizwi kwa nguo iliyofuliwa. Nilimwamini, ila bado sikulituma. Niliona aibu, na niliogopa utaniita nije, nami nikimwona mtoto sitaweza kujizuia kumbusu. Usidhani simpendi.

Jana nililifumua lote nikalishona upya. Linakuja na barua hii. Kila uzi nimekata kwa mkasi. Mama mwambie nina kazi nyingi, wengine usiwaambie neno. Msalimie shemeji.

Na mtoto mbusu mara mbili, moja yako, moja yangu.

Ni mimi mdogo wako,
mama mdogo wa mtu