Nani Aliiangusha Himaya ya Antena

Kaka yangu Amiri,

Shikamoo. Natumaini karatasi hii itakukuta mzima, na kama una kazi mkononi, iweke chini kwanza, ukae. Sisi huku tunasukuma siku. Mama hajambo, ingawa goti bado linamsumbua kila akipanda ngazi za karakana. Mimi sijambo ukinitazama kwa mbali. Baba nitamfikia, usiharakishe macho. Ningekupigia simu, lakini laini yako ya zamani haiiti tena. Anuani hii nimepewa na yule dereva wa lori aliyekuwa akituletea betri, ambaye anasema alikuona mara moja ukitengeneza simu kwenye kibanda karibu na stendi. Nilimuuliza kama umekonda au umenenepa, akasema hakukuangalia kiasi hicho. Wanaume bwana.

Karakana ungeiona ungelia. Meza ndefu ya baba bado iko pale dirishani, na ile kona ya kushoto uliyoiomba haijawekwa kitu tangu uondoke. Redio zimejaa rafu hadi darini, zimeshatengenezwa na hazina wa kuzichukua. Wenyewe wanasikiliza habari kwenye simu, wakipita mlangoni wanatupungia mkono tu. Baba alikuwa akizifuta vumbi kila asubuhi na kuziwasha moja moja, ati zisije zikasahau kuongea.

Bado unaikumbuka Himaya ya Antena, au huko umeshakuwa mtu mzima? Ile aliyotutungia baba tulipokuwa wadogo, umeme ukikatika na kazi ikasimama. Ikulu ilikuwa lile transfoma kubwa lililoungua, na nyota zake zilikuwa vifaa alivyovitawanya mezani: Waya Mwekundu, Fyuzi, Betri na Spika. Yeye alikuwa Kaizari, wewe Amiri wa meli zote, na mimi Msemaji wa Baraza kwa ajili ya mdomo wangu. Mjomba fundi viti tulimpa Uwaziri wa Chakula, kwa kuwa hakuwahi kukosea wakati wa sahani kushuka. Siku ulipoondoka nilidhani himaya nayo imekwisha. Kumbe ndiyo kwanza ilianza kuanguka.

Wiki ile ile baba alimsimulia mteja mmoja kwamba Amiri ametoroka na meli zote nzuri na mpaka umebaki wazi. Hakutaja jina lako la nyumbani, na sisi hatukulitaja. Tangu hapo alasiri zetu zikawa za swali moja: himaya iliyotawala nyota zote zile imeangushwa na kosa la nani?

Baba alishikilia kwamba ni Amiri. Alisema Kaizari naye alikosea, lakini kosa lake lilikuwa upole, kwamba alimlea Amiri kwa kumchekea badala ya kumnyang'anya meli mapema. Mimi nilisimama upande wako, kaka, na sikumung'unya maneno. Nilisema Kaizari alitaka funguo zote zikae mfukoni mwake. Mtu wa Betri akitaka kubadilisha taa ya choo chake ilibidi angoje muhuri kutoka ikulu, na muhuri ukifika unapokelewa na mjukuu wake. Nilisema watu wa nyota za mbali waliomba taa mpya, Kaizari akawapelekea zile zile za zamani zikiwa zimepakwa rangi. Baba akanijibu kwamba taa za zamani hazikuwahi kumdhuru mtu. Nikamwambia hazikuwa zikimmulikia mtu pia. Alinuna hadi chai ikapoa.

Mjomba, akiwa na misumari yake mdomoni, alisema sote wawili tunapiga kelele pembeni ya jambo. Yeye alililaumu Baraza. Alisema Kaizari alikuwa akikohoa, Baraza linapiga makofi na kuandika kikohozi hicho kuwa sheria. Alisema pia kwamba Kaizari hakupenda kusikia habari za kuzeeka, kwa hiyo hakumtaja wa kumrithi, na usukani ukaachwa kwenye mikono inayotetemeka. Baba aliposikia hilo aliificha mikono yake chini ya meza. Niliona. Mama naye alituambia kwamba watu walioshindwa kuziba bati moja linalovuja wasimpigie kelele za kuendesha nyota.

Tulicheka sana, nataka ulijue hilo. Lakini kila mmoja alijua tunamsema nani. Tulikuwa tunaisema siku ile baba alipolisukumia chini boksi lako la vifaa mbele ya wateja, kwa sababu uliomba kona ya meza utengeneze simu. Hakuna aliyekuwa na ubavu wa kulisema kwa majina yake, basi tukalisema kwa nyota, mwaka ukaisha na mwingine ukaingia.

Halafu sauti yake ikaanza kukwaruza. Tulidhani ni moshi wa kulehemu. Mama akamchemshia hiki na kile, mjomba akamtania kwamba Kaizari sasa anapatikana kwa masafa mafupi tu. Tulipompeleka hospitali tulikuwa tumeshachelewa. Daktari alisema kuna uvimbe kooni, kwamba lazima akatwe, na kwamba akishakatwa hataongea tena. Nilikutafuta, kaka. Nilipiga ile namba yako mpaka mama akaniomba niache. Niliwauliza madereva na wauza vocha, na hata yule rafiki yako ambaye hatusalimiani.

Alasiri ya kabla ya upasuaji, baba aliwaomba mama na mjomba watoke, akabaki na mimi. Nilifikiri ataniambia habari za karakana. Akaniambia ana kipande cha himaya ambacho hajakisimulia. Akasema, kwa ile sauti iliyobaki, kwamba adui alipofika getini Kaizari alipanda juu ya mnara peke yake, akashika kipaza sauti kwa mkono wake, akamwita Amiri huko aliko. Alimwambia kwamba amefikiri sana na kosa lilikuwa la Kaizari. Alimwambia arudi, kwamba meza ni ndefu, inawatosha wote wawili.

Meza, kaka. Alisema meza.

Kwa hiyo nilishinda mjadala. Natamani ningeshindwa, naye akaendelea kubisha hadi leo.

Kisha akanitazama akaniuliza Amiri alijibu nini. Wauguzi walikuwa wameshaingia na kile kitanda cha magurudumu. Nilikuwa na simu yangu mkononi, ina namba yako isiyoita. Na hapa ndipo ninapokuungamia jambo ambalo mama halijui, wala mjomba. Nilimjibu kwamba Amiri amesikia, na kwamba anageuza meli. Baba akafumba macho, machozi yakamtoka pembeni, akasema, "Basi." Hilo ndilo neno lake la mwisho kulitamka kwa sauti yake.

Walitoa walichoweza kutoa. Daktari aliniita kando, akaniambia kilichobaki kimeshuka mapafuni, tumrudishe nyumbani tukae naye. Mama anajua. Baba hajauliza, na nadhani amekusudia asiulize. Amekuwa mwepesi hadi mjomba anambeba kama mtoto kumpandisha karakana, maana kulala chumbani hataki. Anakaa mezani, anatazama barabara. Kona ya kushoto ameifuta kwa kitambaa cha redio na amemwashiria mjomba amletee stuli nzuri, ile yenye mgongo. Iko pale. Hakuna anayeruhusiwa kuikalia, hata mama na goti lake.

Kila asubuhi anachukua kipande cha boksi, anaandika kwa ile kalamu nene ya kuandikia majina ya wateja: Amiri amefika wapi? Haandiki tena kitu kingine, hata uji akiutaka anaonyesha kwa kidole. Nami namjibu. Kwanza nilisema umepita Waya Mwekundu. Nikakuchelewesha Fyuzi nikitumaini dereva atarudi na habari zako. Nikakupitisha Betri, nikasema watu wa kule walikuzuia kwa furaha, wakakupa taa. Baba aliipenda hiyo, mabega yakatikisika kwa kucheka bila sauti. Leo asubuhi sikuwa na pengine, nimekufikisha Spika.

Unaijua ile meza kuliko mimi. Baada ya Spika hakuna nyota nyingine, ni ikulu.

Sikuandikii kukulaumu. Boksi lilikuwa lako, na chini ndipo lilipoangukia. Wala sijidanganyi. Kichwa chako na chake vimetoka kiwanda kimoja, na nikilala nikiamka nakuona ukiikunja barua hii bila kufika hapa. Nimechoka, kaka. Nimekaa miaka nikiwaeleza watu jinsi Kaizari alivyokosea kwa kupaka rangi taa za zamani badala ya kusema ukweli, na nilipopewa zamu yangu ya kusema sikungoja hata dakika moja, nilidanganya. Ukija, nitakuwa sikudanganya. Usipokuja, baba ataondoka akitazama barabara, na aliyemweka pale ni mimi.

Mama anakusalimu, anasema usipite kwenye mvua bila kofia, ana hakika bado huna. Mjomba anakusalimu, anasema wizara yake haina bajeti lakini sahani yako haijapewa mtu. Redio zote za rafuni zinakusalimu pia, ninaziwasha mimi siku hizi.

Najua barua hii itachukua siku zake njiani. Kesho baba akiuliza, nitamwambia injini ya meli yako imeharibika pale Spika. Ila baba ni fundi. Ataandika kuuliza kilichoharibika ni nini, na mimi sitajua la kumjibu.

Ni mimi mdogo wako,
Msemaji wa Baraza